Kasi na Kina

Mwaka niliomaliza chuo, kabla sijapata kazi, mjomba aliniingiza kwenye bendi yake ndogo ya Nachingwea. Yeye alipiga besi. Mimi nilipewa gitaa la solo na feza, kidude cha chuma cha kukanyagia kinachoifanya sauti ya gitaa izunguke, iende na kurudi, kama mtu anayekuimbia huku upepo ukimgeuzageuza.

"Jumamosi tuna harusi Ruangwa," alisema. "Nakujaribu mara moja tu. Ukiyumba, solo nampa mwingine."

Nikaenda Mandawa kwa mama mdogo, nikakaa barazani na spika ndogo ya betri. Feza ilikuwa na vizungushio viwili. Cha kasi kiliamua mawimbi yapite upesi au polepole. Cha kina, yazame kiasi gani. Kasi ikizidi, sauti ilitetemeka kama ya mwenye homa. Kina kikizidi, wimbo wenyewe ulipotea, ukabaki mvumo. Nilisogeza kimoja upana wa unywele, nikakirudisha, nikajiuliza kama kimerudi palepale, nikaanza upya.

Uani mama mdogo na wenzake walikuwa wakikung'uta ufuta. Waliinamisha miganda, wakaipiga kwa fimbo, mbegu zikamiminika juu ya turubai: shaa, kimya, shaa. Nilipunguza kasi taratibu mpaka wimbi la gitaa likawa linashuka pamoja na ufuta. Jua lilikuwa limelainika, vumbi liking'aa, na kwa muda sikujua sauti ipi ni yangu. Hata hofu ilikuwa ikielea mahali fulani mbali, juu ya mikorosho.

"Msomi," mama mdogo aliita, "hilo gitaa limelewa?"

"Linatembea na nyie, mama."

"Basi lije lishike fimbo!"

Walicheka. Mimi nikachora mkao wa vizungushio kwenye daftari, mara tatu, nisije nikasahau.

Jumamosi alasiri niliiweka feza kama daftari lilivyosema. Bibi harusi akaingia. Hatua moja, akasimama. Hatua moja, akasimama. Mjomba akaupunguza wimbo umfuate, lakini mawimbi yangu hayakupungua. Yalimpita, yakazunguka, yakampita tena, na nikawaona waliomsindikiza wakikosea miguu. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye nyuzi. Nikiinama, solo inakatika. Nisipoinama, naharibu harusi ya watu.

"Mpwa!" mjomba alinong'ona bila kunitazama. "Miguu huna?"

Nilichomoa mguu kwenye kiatu. Kidole gumba kilikuwa kimeshatokeza kwenye tundu la soksi. Nikakitumia kusukuma kizungushio cha kasi, kidogo kidogo, nikimtazama bibi harusi badala ya daftari. Wimbi likarefuka. Aliponyanyua mguu, sauti ilipanda naye. Aliposimama, ikashuka kumsubiri. Ukumbi mzima ulionekana kuelea.

Maharusi walipoketi, mjomba alikitazama kile kidole.

"Jumamosi ijayo tuko Ruponda," alisema. "Uje na ndala."

Palepale nikaanza kuwaza: za rangi gani?