Fundi Aliyekataa Rangi ya Mafuta

Paskalina alipaka rangi kuta za Kariakoo kwa miaka kumi na tisa kabla hajajua kuwa rangi inaweza kumuumiza mtu. Alikuja Dar kutoka Mbinga akiwa binti, akajifunza kazi kwa shemeji yake, na mafundi wakazoea kumwona juu ya ngazi, kanga kiunoni, brashi mkononi. Kichwa kilimuuma karibu kila jioni. Alidhani ni jua.

Siku moja alianguka ndani ya duka alilokuwa akilipaka, milango imefungwa ili vumbi la mtaani lisiingie. Hakuvunjika, lakini daktari alimuuliza zaidi kuhusu kazi yake kuliko kuhusu kuanguka kwake. Akamweleza habari za mvuke wa thina, kimiminika cha kuyeyushia rangi ya mafuta, za gundi ya mazulia, na za madini ya risasi yaliyomo kwenye baadhi ya rangi, ambayo huharibu ubongo wa watoto. Tangu hapo Paskalina hakununua kopo bila kusoma maandishi yake yote.

Mwaka jana aliitwa na Kasmir, mfanyabiashara wa jumla mwenye jengo Mtaa wa Sikukuu. Ghorofa ya tatu ilikuwa imepata mpangaji, shule ya chekechea. Kasmir alitaka rangi ya mafuta inayong'aa, na zulia la kugundishwa sakafu nzima.

"Hiyo sipaki, Mzee Kasmir," Paskalina alisema. "Si kwa watoto."

"Mafundi wamejaa mjini, mama."

"Wapo. Ila kwanza tunywe chai ofisini kwako."

Ofisi hiyo ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta wiki ileile na fundi mwingine. Paskalina alifunga dirisha, akazima feni, wakakaa. Kasmir alifuta macho, akakohoa, akalegeza kola. Chai haijafika nusu kikombe, akainuka kufungua mlango.

"Wewe ni mtu mzima," Paskalina alimwambia wakiwa nje. "Mtoto wa miaka minne atashinda humo mpaka mchana."

Kasmir alitazama juu, ghorofa ya tatu. "Haya, fanya unavyojua."

Paskalina alilowanisha kuta za ghorofa ya tatu kabla ya kukwangua rangi ya zamani, vumbi lisiruke, na mabaki akayafunga kwenye mifuko. Aling'oa mbao zilizoziba madirisha mawili tangu ghorofa ilipokuwa stoo. Akapaka rangi ya maji isiyo na risasi, njano ya embe bivu. Sakafu ya saruji aliisugua mpaka ikawa laini, akatandika mikeka ya ukindu. Fundi mwenzake Augustino alipita, akacheka, akasema Paskalina anageuza mji kuwa kijiji.

Siku mbili baadaye alikuja Shamsa, mwalimu wa chekechea hiyo, mwenye pumu. Alisimama mlangoni, dawa yake ya kuvuta mkononi.

"Shikamoo, mama. Mmepaka lini?"

"Marahaba. Juzi."

Shamsa aliingia, akazunguka darasa zima, akavuta pumzi ndefu. Kisha akairudisha dawa kwenye mkoba bila kuitumia.

Siku ya ufunguzi Kasmir alimkalisha Paskalina mbele pamoja na wazazi. "Huyu alinikatalia kazi ndani ya jengo langu mwenyewe," aliwaambia. "Leo namshukuru mbele yenu."

Paskalina alitazama kuta zake, mgongo umenyooka, na hakujisumbua kuficha tabasamu. Jumatatu iliyofuata Augustino alimpigia simu, akamwambia amepata kazi ya kupaka hosteli ya wanafunzi Magomeni, akamwomba aende kumwonyesha namna ya kulowanisha ukuta.