Kinyozi Aliyekataa Kumnyoa Binti Yake

Kinyozi wa pale kwenye kona alikuwa amechoka kuambiwa kinyozi hajinyoi. Kila mteja aliyekalia kiti chake cha kuzunguka, akiona ndevu za mwenye duka zimeachwa kama shamba la mvivu, lazima aitoe methali hiyo, tena kwa sauti ya mtu aliyeitunga mwenyewe asubuhi ile. Kinyozi alikuwa akicheka, maana mteja hachukiwi. Lakini mwaka huu kicheko kilimkauka. Shida iliyokuwa nyuma ya pazia, kwenye chumba cha pili, haikuwa ya ndevu zake. Ilikuwa ya ndevu za binti yake.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao wenyewe. Kulikuwa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, benchi la wateja, rafu ya spiriti na poda, na redio iliyoshika stesheni moja tu. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alimwita "mama" kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, mama mzaa kinyozi, na ole wake, jina halikuja peke yake. Yule bibi, Mungu amrehemu, alikuwa na sharubu ambazo vijana wa mtaa walizionea wivu. Utoto wote binti alikuwa na malaika tu, vile vinyweleo laini ambavyo huvioni mpaka jua limpige mtoto usoni. Kisha vikakolea. Juu ya mdomo ukajichora mstari mweusi, na kidevuni zikaota nywele chache, ngumu, zenye kiburi.

Shuleni wakamwita Sharubu. Mtoto aliyezoea kukaa benchini akibishana mpira na wanaume wazima mpaka wakasahau zamu zao, akaanza kuingilia mlango wa nyuma. Akiongea anaziba mdomo kwa kiganja. Siku moja, duka likiwa halina mtu, alisimama mbele ya baba yake.

"Baba, ninyoe."

"Nikunyoe nini? Kichwa?"

"Hizi hapa."

Kinyozi akashtuka kama aliyeambiwa amkate mtoto sikio. "Wee! Una wazimu? Ukinyoa zinarudi nene. Utafuga ndevu za kweli hizo. Ng'o!"

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Maana kinyozi huyu, kwa miaka mingi, alikuwa akiwauzia vijana maneno hayohayo. Kijana wa mashavu laini kama papai anakuja kwa siri, anataka ndevu. Kinyozi anampaka povu kidevu kisicho na kitu, anapitisha wembe kwa heshima zote, na kumwambia, "Nimezifungulia njia. Subiri uone." Ndevu zinakuja, kwa kuwa kijana anakua na zingekuja tu hata angenyolewa na mbuzi, lakini sifa inakwenda kwa wembe. Alisema neno lile mpaka akaliamini kuliko waliomlipa. Sasa mwanawe anaomba wembe huohuo, na yeye anaona ndevu za marehemu mama yake zikimjia mtoto kwa mkono wa baba.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona mapazia, na alikuwa mtu wa vitendo. "Kama hutaki kumnyoa, usitukalie njiani," alisema. Akaanza na manjano. Akayakoroga na maziwa, akampaka mtoto juu ya mdomo jioni baada ya jioni, ayaache yakauke kisha ayasugue. Nywele zilikaa palepale. Kilichobadilika ni ngozi, ikawa ya njano, na shuleni wakapata la kuongeza.

Yakafuata ya krimu. Muuza duka la vipodozi aliapa kwamba inatoa nywele bila maumivu, na ni kweli ilizitoa. Ilitoa na ngozi. Mama hakuona kwamba pakiti ilichorwa miguu, si uso, na muuza duka hakuona haja ya kumwambia. Mtoto alishinda wiki na gaga la kidonda juu ya mdomo. Kinyozi alipouona uso ule alibamiza droo ya mikasi mpaka mteja akauliza kama ananyolewa au anapigwa.

"Mnamchezea mtoto kama unga wa maandazi!" alifoka jioni.

"Basi mchezee wewe unayejua," mkewe akamjibu. "Una wembe, una povu, una kiti kinachozunguka. Wanaume wa mtaa mzima wanakuletea nyuso zao. Wa kwako huyu ndiye umemshindwa?"

"Sijashindwa. Nakataa."

"Ni mamoja kwake."

Gaga lilipopona wakaenda kwa mwanamke wa saluni anayetoa nywele kwa uzi. Uzi ule hauna kosa, wapo wanaoupenda, lakini ngozi ya binti ilikuwa haijasahau krimu, na kila nywele ilitoka na chozi lake. Hilo angelivumilia. Asilolivumilia ni ulimi wa yule mwanamke, ambaye alizungusha kiti ili wateja wote waone, akasema, "Jamani, huyu ni binti au ni mjomba?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Mtoto alirudi nyumbani amevimba, akasema hatarudi kule hata kwa kuburutwa.

Mwishowe mama akampeleka zahanati, jambo ambalo lingefaa kuwa la kwanza. Nesi alifunga mlango, akamuuliza mtoto mwenyewe, si mama yake, kama siku zake zinakwenda vizuri, kama uzito umepanda ghafla, kama nywele zimeota na kifuani. Akamkagua. Akasema haoni ugonjwa, ni urithi tu, ila zikizidi kwa kasi au siku zikipotea wamrudishe aonwe na daktari, apimwe damu. "Kwa sasa mnyoeni tu," alisema. "Wembe safi, ngozi iwe na maji. Hazitaongezeka. Nywele inakatwa juu, mzizi haujui habari."

Mama alirudi na maneno hayo kama aliyeshinda kesi. Kinyozi aliyasikiliza mpaka mwisho huku akisafisha mashine ya kunyolea.

"Huyo nesi amenyoa videvu vingapi?" aliuliza.

Mkewe alimgeuzia mgongo. Kisha akaenda kwenye cherehani yake, na siku ile nyumba haikusikia sauti nyingine isipokuwa ile ya mashine ikikimbia juu ya vitambaa.

Huenda mambo yangebaki hivyo, kila mtu na kununa kwake, kama mitihani ya kumaliza darasa isingekaribia. Wiki ya mwisho ya kujiandaa, binti hakuamka. Alisema ana homa. Homa yenyewe haikupatikana kwa kiganja wala kwa kipimo. Siku ya pili homa ileile. Mwalimu akampigia mama simu, akasema asipofanya mitihani atarudia darasa, na hakuna la kujadili. Mama akabembeleza, akatisha, akabembeleza tena. Mtoto akajifunika shuka gubigubi.

"Mtihani unaandikwa kwa mkono, si kwa mdomo," kinyozi alimwambia akiwa mlangoni, akidhani amesema la busara.

"Wewe hukai nao, baba," sauti ikajibu chini ya shuka.

Jibu lile lilimkasirisha zaidi. Alirudi dukani akamnyoa mtu nusu upara bila kuambiwa.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, duka bado limefungwa, akaenda bafuni kunawa. Mlango ulikuwa haukubana. Binti alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo cha mkononi alichokiegemeza dirishani, wembe mkongwe katikati ya vidole, ule ambao kinyozi aliutupa pembeni zamani kwa kuwa hata penseli haukuweza kuchonga. Damu ilikuwa imemtiririka kutoka juu ya mdomo mpaka kidevuni. Hakuwa analia. Alikuwa anakwangua.

Baba angeweza kusema mengi. Angeweza kusema pole, angeweza kupiga kelele ya kumwita mama. Kilichomtoka ni hiki:

"Unanyoa kavu?"

Binti aligeuka.

"Nakuuliza, unanyoa kavu? Bila maji? Bila povu? Tena kinyumenyume? Binti wa kinyozi, ndani ya nyumba ya kinyozi, unajikwangua kavu na bati la kutu? Watu wakisikia nitaweka wapi uso wangu?"

"Na wangu niuweke wapi?" binti akasema.

Kinyozi akaingia bafuni. Wembe ule ulikuwa bado kwenye vidole vya mtoto. Akaunyakua, akaurusha nje dirishani, akamshika mkono na kumvuta hadi dukani, akamkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, akakipandisha mpaka mwisho. Akachemsha maji. Akamkanda uso kwa taulo ya moto mpaka damu ikasimama. Muda wote huo alikuwa akinung'unika, kuhusu kutu, kuhusu pepopunda, kuhusu watoto wa siku hizi. Alipoishika brashi ya povu, mkono ukakataa.

"Zikirudi nene usinilaumu," alisema.

"Baba, yule mzee wa duka la misumari unamnyoa kila Jumamosi tangu sijazaliwa. Zimerudi nene?"

Kinyozi alimfikiria mzee wa misumari. Alikuwa anamjua mzee yule, kidevu na shingo, kuliko mkewe alivyomjua. Ndevu zake zilikuwa zilezile, haba, zimesambaa hapa na pale, tangu siku ya kwanza alipokaa kwenye kiti kile. Akawafikiria wengine, mmoja mmoja, videvu alivyovinyoa maisha yake yote, na hakupata hata kimoja cha kumtetea. Ilimuuma kama kupigwa na mtoto wake mwenyewe.

"Fumba mdomo," alisema. "Vuta ngozi hivi, kwa ulimi, kutoka ndani."

Akampaka povu. Akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, na kwa mara ya kwanza akauona uso ule kwa karibu, bila kiganja mbele yake. Ngozi ilikuwa imechoka. Palikuwa na alama ya krimu, kama ramani ya kisiwa, na vidoadoa vya uzi. Akapitisha wembe kufuata nywele zilivyolala, akikwepa kidonda, taratibu, kama anavyowanyoa wazee. Akafanya juu ya mdomo. Alipofika kidevuni binti akanyoosha mkono.

"Huku nifanye mimi. Nionyeshe tu."

Akamwonyesha. Mtoto akajinyoa kidevu bila kujikata, mkono mtulivu, na kinyozi alisimama nyuma yake akibana pumzi yake mwenyewe. Wakafuta povu. Maji ya baridi, mafuta kidogo. Basi.

Binti alijitazama kwenye kile kioo kirefu. Alijigeuza upande huu na upande ule, akajigusa juu ya mdomo kwa kidole kimoja. Kinyozi alisubiri kushukuriwa, maana kazi ilikuwa safi na alijua hivyo.

"Ndiyo hivyo tu?" binti akauliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Dakika tano?"

"Hata tano hazijafika!" alisema kinyozi, kifua mbele, kwa majivuno ya fundi, na kabla hajafunga mdomo akawa amekisikia alichokisema.

Binti alianza kulia. Hakulia kwa krimu wala kwa kicheko cha saluni, lakini sasa alilia mpaka kiti kikatikisika. "Nimepakwa manjano," alisema. "Nimeunguzwa. Nimechekwa na watu wazima. Nimelala siku mbili nikijifanya mgonjwa. Na ilikuwa dakika tano, baba, na wewe ulikuwa hapa hapa!"

Kinyozi aliikunja taulo, akaikunjua. "Niliogopa, mama," akasema mwisho. "Niliogopa nitakuharibu kwa mkono wangu."

"Ungeniuliza mimi kama naogopa."

Akashuka kitini. Akanawa macho, akaenda kuvaa sare. Mama yake alimfungia nywele bila kuuliza kitu, macho yakiwa kwa mumewe. Binti alitoka kwa mlango wa mbele, kupitia dukani, na mkoba begani.

"Jumapili nitakunyoa tena," kinyozi alimwambia.

"Ninunulie tu wembe wangu. Nitakuwa najinyoa."

Kinyozi alisimama mlangoni akamtazama akivuka barabara. Kwenye kituo kulikuwa na wasichana wa shule yake, na walipomwona mmoja akasogea kwenye benchi ampishe. Wakaanza kuongea. Hakuna aliyemkodolea mdomo, na binti alikuwa anajibu, mikono yote miwili ikiwa kwenye kamba za mkoba. Kinyozi alijua anapaswa kufurahi. Alirudi ndani, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akahesabu miezi aliyomnyima mtoto zile dakika tano.