Uzi wa Bawa la Kushoto

Siku kaka yangu Rajabu alipokuja kuniuliza habari za wanga, nilikuwa uani kwetu Oli, mtaa wetu mjini Arua, nakoroga sufuria ya wanga wa muhogo kwa ajili ya mashuka ya bibi harusi. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya vita. Sisi wanawake wa Kinubi tunajua kutarizi, na shuka lisilotiwa wanga hatulipeleki kwa watu. Rajabu akaligonga moja kwa kidole pale kwenye kamba.

"Hii nakaza hivi kwa wanga tu?"

"Kwa wanga na jua. Kwani unaolewa?"

"Nataka kuvalisha ndege."

Nilicheka mpaka mwiko ukaniponyoka. Ndege ivae nguo? Lakini mimi toka utoto ni mtu wa kuuliza, na kesho yake nikamfuata uwanja wa ndege.

Rajabu alikuwa fundi wa ndege za jeshi, amerudishwa Arua baada ya kuvunjika mguu. Wakubwa walimpa ndege moja kuukuu ya viti viwili, ya kufundishia marubani, iliyoachwa na Wazungu chini ya banda la mabati. Walitaka ing'are siku za gwaride, basi. Aliyetaka iruke ni Rajabu peke yake, na hilo alilisema kwangu tu.

Lo! Mabawa yalikuwa ya mbao nyembamba, zilizojipanga kama mbavu za mbuzi mwenye njaa, na juu yake kitambaa kilichooza. Kitambaa! Miaka yote natazama juu, nadhani ni chuma tupu. Nikauliza kila kitu: waya huu unavuta nini, mkia unapindaje, upepo unashika wapi. Kaka yangu, ambaye nyumbani hakusema maneno kumi kwa siku, alijibu yote. Wallahi, nilimjua mle bandani.

Dawa ya kukaza kitambaa haikupatikana, kwa hiyo tukatumia wanga wangu. Tukashona kitambaa kipya cha marekani kwenye mbavu, fundo moja kila vidole vinne, kwa uzi mnene uliopakwa nta. Mvua ya kwanza ikavuja bandani, bawa zima likalegea likawa uji. Tukaanza upya, na safari hii tukapaka juu yake rangi ya mafuta ya malori. Likakauka, likakazika, ukiligonga linalia kama ngoma.

Uzi wa nta ukaisha zikiwa zimebaki mbavu sita za bawa la kushoto. Rajabu alikuwa amekwenda Koboko kutafuta plagi za injini. Sikumngoja. Nikamalizia kwa uzi wangu wa kutarizi, nikafunika mishono kwa vipande vya kitambaa kama alivyonifundisha, nikapaka rangi. Aliporudi akanisifu, nami habari ya uzi nikaificha. Wakubwa wanaitaka isimame tu, nilijiambia, itadhurika nini?

Kisha vita. Serikali ikaanguka Kampala, na askari wakawa wanapita Arua kuelekea Sudan, wengine miguu mitupu. Sisi tulibaki kwa sababu mama alikataa kuacha nyumba.

Asubuhi moja nilimpelekea Rajabu chai bandani. Lori likasimama nje, askari wawili nyuma. Akaingia kapteni mmoja, rubani, bastola mkononi.

"Hii naruka?"

Rajabu akanyoosha mgongo. "Naruka, afande. Injini nimewasha jana."

"Mpaka Sudani?"

"Nafika. Hapana mbali."

"Mimi narusha. Wewe naketi nyuma, injini ikisumbua ni yako."

Kaka yangu alikuwa anatabasamu.

Nikamshika mkono. "Kaka, bawa la kushoto. Mbavu sita nilishona kwa uzi wa mashuka."

"Uzi gani?"

"Wa kutarizi. Nisamehe."

Kapteni akacheka vibaya. "Huyu mama nadanganya. Yeye nataka kaka yake abaki. Sukuma nje!"

Rajabu alinitazama kidogo. Halafu akaanza kusukuma.

Nilikuwa na wembe wangu wa kukatia uzi. Nikalipasua bawa kutoka ubavu hadi ubavu.

Nikangoja risasi.

Haikuja. Kapteni alitazama mpasuko, akatoka nje kutazama lori. Dereva wake alikuwa amekwisha toroka. Akarudi.

"Wewe fundi. Lori unajua?"

"Najua, afande."

"Panda."

Rajabu aliweka kiganja juu ya mpasuko, akajaribu kukutanisha kingo zake. Hakunitukana. Alisema tu, "Mtoe mama leo, hata akikataa," kisha akaenda.

Siku ya tatu, tukitembea na mama kwenda mpakani, tulilikuta lile lori kando ya barabara pale Dranya, limeungua. Mkulima mmoja alituambia walishambuliwa, na kwamba yeye na jirani zake wamezika watu wanne. Majina hakuyajua, wala nyuso hazikutambulika. Nililizunguka lori mara tatu, nikichungulia, mpaka mama akanivuta mkono.

Miaka ikapita tukiwa wakimbizi Sudan. Huko nikasikia kuna mzee aliyekuwa fundi wa ndege. Yarabi, mimi na maswali yangu! Nikaenda na kipande cha uzi wa aina ile. Nikamweleza mafundo, mbavu sita, na umbali kutoka Arua. Akauvuta, akauzungusha kidoleni, akauvuta tena.

"Kwa mwaka mzima, hapana," akasema. "Kwa nusu saa ya kuja huku, mama, huu ungeshika."

Nikamshukuru. Mama alikuwa bado hai, na sikumwambia. Watu wangu husema ni vita vilivyomuua Rajabu, nami nawajibu ni kweli. Lakini ndege ile ilikuwa tayari, na aliyeizuia ni mimi.