Audax Amtafuta Mtu Asiye Ndugu

Audax Kahangwa wa Ijumbi ni mtu wa migomba na kahawa kama wengine, na ukipishana naye njiani hutageuka kumtazama mara ya pili. Koti lake la kanisani ndilo la shambani. Lakini ana ugonjwa mmoja: hawezi kukutana na mtu bila kujua huyo mtu ni nani kwake. Mimi hupita kwake mara nyingi katika kutembea kwangu, na kila mara, kabla sijapewa kiti, ananiuliza tena ukoo wangu, eti huenda mara ya mwisho tulihesabu vibaya.

Ugonjwa huu haukumdhuru mtu mpaka mkewe, Ephrasia, alipopasuliwa tumbo kule Bukoba.

Ephrasia alikuwa ndani, na Audax yuko kwenye dirisha la dawa, na pesa haitoshi. Alipekua mifuko yote, hata ule uliotoboka. Nyuma yake kwenye foleni alisimama mwanamume mwenye jaketi la bluu. Yule mtu akapitisha mkono juu ya bega la Audax, akaweka noti dirishani, akasema, "Mpe mzee dawa zake," kisha akaondoka. Hakusalimia, hakuuliza kitu. Audax akamfuata mpaka getini akiita kwa heshima ya Kihaya, "Waitu! Wewe wa kwa nani? Wa ukoo gani?" Akakuta moshi wa pikipiki.

Aliniambia kwamba alikaa pale getini akalia, wala hakujua analia nini. Shukrani ilikuwepo, na aibu ilikuwepo, na hasira nayo haikukosa.

"Ndugu akikupa, unajua utamrudishia wapi," alisema. "Atafiwa, ataoza binti, ataezeka nyumba. Sasa huyu mimi nitamkuta kwenye msiba gani?"

Ndipo akaweka nadhiri. Ephrasia akipona, atauza mbuzi wake mkubwa, na pesa yote atampa mtu mwenye shida ambaye hamjui, asiye ndugu yake kwa namna yoyote. Tena iwe kabla daktari hajamwangalia Ephrasia siku ya kurudi kliniki. Hili la mwisho hakuna aliyemdai. Aliliongeza mwenyewe kwa uchungu, kama mtu anayetia chumvi gizani. Lakini nadhiri ni nadhiri. Aliamini kabisa kwamba akishindwa, daktari atafungua kinywa na habari mbaya itatoka.

Ephrasia akarudi nyumbani anatembea. Mbuzi akauzwa. Mtu asiye ndugu akakosekana.

Ijumbi hakuna, hilo alilijua. Akaenda Muleba siku ya soko. Sasa shida ni hii: huwezi kumpa mtu kitu bila kumsalimia. Na salamu ya kwetu haiishi mpaka ujue mtu ametoka wapi. Ukijua ametoka wapi utauliza kwa nani. Ukiambiwa kwa nani, basi, kwisha. Yeye na kipofu wa mlangoni pa soko wakakutwa wana muziro mmoja, yaani mwiko wa ukoo, maana koo zao zote mbili hazili mbawala. Mama mwenye mtoto wa homa akawa ameolewa kwa wajomba wa Audax. Hata mlevi aliyelala mferejini, Audax alipomwamsha kumwuliza, alikuwa amebatizwa, na baba mdogo wa Audax ndiye msimamizi wake. Wote hao akawapa kidogo kutoka mfuko mwingine, kama ndugu. Pesa ya mbuzi haikuguswa.

Siku ya kliniki ikafika. Audax akamkalisha mkewe kwenye benchi la hospitali.

"Kaa kwenye foleni, nakuja."

"Unakwenda wapi?"

"Kutafuta mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui."

"Sasa kama humjui, ukimwona utamtambuaje?" Ephrasia akauliza. Lakini mume alikwisha shika njia.

Pale stendi akamkuta msichana amekaa juu ya begi, macho mekundu. Jina lake Elieth, ameibiwa nauli, anataka kufika Izimbya. Audax moyo ukamruka: Izimbya hajawahi kulala hata siku moja! Elieth alipoona mzee anamjia, akaanza kupiga magoti amsalimie kwa heshima. Na Audax, badala ya kutoa pesa, akatoa salamu. Baba yako nani? Babu yako je? Alihamia lini huko? Goti la Elieth halijafika chini, hesabu ikatoka: ni ukoo mmoja, na kwa ngazi za ukoo yule binti amekaa sawa na baba yake Audax. Ni shangazi yake.

Elieth akainuka, akakung'uta goti.

"Kumbe," akasema. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shangazi," akasema Audax, akavua kofia.

"Na umekonda. Mkeo hakulishi?"

Akamlipia nauli, akambebea begi, akasemwa pia kwa kutofika Izimbya miaka yote hiyo. Alipotoka pale jasho linamtiririka. Foleni kule hospitali inasogea.

Ndipo akili ikamjia: Mhindi! Mhindi atakuwaje ndugu yake?

Wahindi wa Bukoba siku hizi ni wachache, ila Yashwant bado yupo, mzee mwenye duka la vitambaa ambalo baba yake alilifungua. Audax akaingia bila kupoteza muda.

"Yashwant, una shida?"

"Nina magoti," akasema Yashwant. "Nina binti yangu Lalita, yuko mbali, hapigi simu. Nina paa linavuja. Unataka ipi?"

"Ya pesa."

"Hiyo nani hana?"

Audax akatoa pesa ya mbuzi, akaiweka juu ya meza ya vitambaa. Yashwant akavaa miwani, akaitazama ile pesa, akamtazama na mwenyewe. Kisha akamsemesha kwa Kihaya, Kihaya safi kuliko cha wajukuu zetu, kwamba hajapata kutukanwa namna hii.

"Unanipa sadaka mimi? Ndugu yako?"

"Ndugu kwa wapi?"

"Baba yako hakukuambia? Wazee wetu walikula mukago, udugu wa damu, hapa hapa nyuma, kati ya magunia. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Baba yangu alimeza punje yenye damu ya baba yako, baba yako akameza yenye damu ya baba yangu. Mama yangu alipojua kwamba mumewe, ambaye hali hata yai, amemeza damu ya mtu wa Ijumbi, alimtengea sahani yake mpaka kufa."

Audax akashika kichwa. "Lakini kwa nini walifanya hivyo?"

"Kwa sababu baba yako alikataa kumwuzia kahawa mtu asiye ndugu yake!"

Audax akakaa juu ya jora la kitambaa, akaeleza yote: jaketi la bluu, nadhiri, daktari. Yashwant akasikiliza mpaka mwisho.

"Kinachokuponza ni salamu," akasema. "Yule wa jaketi alikusalimia?"

"Hapana. Hakuwa na adabu yule."

"Basi na wewe kosa adabu. Kidogo tu, halafu urudi kuwa mtu."

Aliniambia kwamba njiani kurudi hospitali miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayekwenda kuiba. Nje ya geti alikuwepo mwanamke amekaa chini, chupa ya chai pembeni, bahasha kubwa ya picha ya eksirei magotini, anajifuta machozi kwa kanga. Audax akafumba macho nusu. Akaenda kasi, akadondosha pesa yote mapajani mwa yule mwanamke, akakimbia.

Wenzangu, nani siku hizi anatupiwa pesa na mtu asiyemjua akakaa kimya? Mwanamke akaruka kama amemwagiwa uji.

"Uwii! Mzee kanitupia hela! Anataka kunitoa kafara!"

Waendesha bodaboda wakamdaka Audax kabla hajafika mbali.

"Mzee, hizi hela za nini?"

"Za mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa nadhiri."

"Mnasikia! Wa nadhiri!" Watu wakajaa. "Na kwa nini umpe huyu mama?"

"Kwa sababu simjui."

Kila alivyosema kweli ndivyo alivyozidi kuwa mchawi. Mmoja akamkaba koti. "Hebu sema, wewe ni mzee wa kwa nani?"

Kwa swali hilo hakujua kunyamaza. "Kahangwa," akasema. "Wa Ijumbi."

Yule mwanamke akaacha kulia. "Kahangwa wa Ijumbi? Mbona mama yangu mimi ni wa..."

"Usiseme!" Audax akaziba masikio kwa viganja, akaanza kusali Salamu Maria kwa sauti ya juu, asisikie kitu. Watu wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja.

Ephrasia akaisikia ile sauti akiwa kwenye benchi. Akatoka na kikaratasi chake cha foleni mkononi, akapenya katikati ya watu, akamtoa mumewe kiganja kimoja sikioni, akamsihi.

"Bojo, mimi naitwa sasa hivi, na wewe unasali barabarani!"

Akawaeleza watu kisa chote, huku Audax akiendelea na sala kwa sikio lililobaki. Bodaboda wakacheka mpaka wakashika vichwa. Lakini mwanamke hakucheka. Mumewe alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika, na yeye alitoka nje kulia kwa sababu alikuwa amepungukiwa. Alizikusanya zile noti chini moja moja.

"Sasa baba, nitakushukuruje bila kusema mimi ni nani?"

"Nyamaza tu, mwanangu."

"Na nyumbani nitasema nimepewa na nani? Wewe jina lako nimelijua, langu hulitaki. Huo ni uungwana?"

"Si uungwana," akasema Audax. "Nisamehe. Nenda kwa mgonjwa."

Alimwonea huruma kuliko alipokuwa hana kitu. Akamgeuzia mgongo, akaingia ndani upesi. Nyuma yake akasikia Ephrasia na yule mwanamke wakinong'ona, kisha wakicheka, kisha kile kimya cha mtu anayepiga magoti.

Daktari akasema kidonda kimefunga vizuri, mama ale, asibebe mizigo. Audax akashukuru Mungu kwa machozi. Nadhiri imelipwa. Lakini walipofika Ijumbi akaona mkewe anatabasamu peke yake jikoni, na hapo mateso yakaanza.

"Ephrasia, yule mwanamke wa getini..."

"Ehe?"

"Usiniambie."

"Sikuambii."

"Ila wewe unamjua."

"Mimi sikuweka nadhiri yoyote."

Juzi nilikuwa nateremka upande wao. Nikamkuta Audax amesimama kwenye njia panda, macho ameyafumba kabisa, mikono nyuma. Mbele kidogo namwona Ephrasia, kanga mpya mwilini, anakwenda polepole, na jirani amembebea mkungu wa ndizi kichwani. Nikasalimia. Audax akaitikia bila kufumbua.

"Wanakwenda kumwona mgonjwa wa mguu," akasema. "Waitu, wamekwisha pinda?"

"Wamepinda sasa hivi."

"Usiniambie upande."