Kukandwa Bila Mtoto

Miaka ile kila mtu alikuwa amechoka, na kila mtu alitangaza kwamba hajachoka. Shamba la kijiji lilikuwa mteremkoni, ng'ambo ya korongo, na siku za zamu tulikwenda huko na majembe begani kabla ukungu haujaondoka, tukainua matuta ya viazi mpaka viuno vikagoma. Mwenyekiti wetu alipenda kutukumbusha kwamba uhuru ni kazi. Yeye mwenyewe aliupenda uhuru kuliko kazi, lakini hilo tulilisema tukiwa kisimani tu.

Mimi nilirudi kwenye matuta hayo mapema kuliko mwanamke yeyote aliyetoka kujifungua, maana sikuwa na mtoto wa kunizuia nyumbani. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa kimya. Kina mama wakamzika migombani kabla jua halijapanda.

Kwetu mwanamke akizaa hukandwa. Mama mkwe huchemsha maji na majani ya mkaratusi, huchovya kitambaa, hukikamua, kisha humkandamiza mzazi mgongo, nyonga na tumbo, asubuhi na jioni, mpaka arobaini iishe. Mzazi hulalamika kwamba anaunguzwa, na wenzake humcheka. Hunyweshwa uji wa pilipili manga, haendi kisimani, hashiki jembe, na hata mwenyekiti hathubutu kumwita. Mimi sikukandwa hata mara moja. Maji yaliyokuwa yamechemshwa kwa ajili yangu yalimwagwa, na hakuna aliyeyataja tena. Waliona kwamba kumkanda asiye na wa kunyonyesha ni kumtonesha kidonda. Walifanya hivyo kwa huruma, nami niliichukia sana huruma ile.

Masika hayajaisha, bega langu la kulia likakaza. Maumivu yalipanda hadi shingoni, na mkono ukakataa kupita kifua. Sikuweza kujichana nywele wala kujitwika debe la maji. Kwenye zahanati niliulizwa kama nimeanguka. Niliposema sijaanguka, nikapewa vidonge vyeupe, vile vile alivyopewa jirani yangu mwenye mafua. Shambani nilichimba kwa mkono mmoja, na mwenyekiti akaniita kupe mbele ya watu. Wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu kununa kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo.

Lakini niliogopa. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mkonge huko chini, upande wa Mazinde, na alirudi mara chache. Mwanamke asiyeweza kubeba maji wala kuni atakaa vipi kwenye nyumba ya watu milimani? Mtoto sikuleta, na sasa hata mkono nilikuwa naukosa. Kulia nako sikuwa nimelia. Watu walinisifu kwa moyo mgumu, na nilikuwa nimechoka mno kuwabishia.

Jioni moja debe liliniponyoka mlangoni. Maji yakanimwagikia miguuni, na mimi nikabaki nimesimama nikiyatazama. Mama mkwe alikuwa jikoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kwa Kishambaa. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya mikutano. Alikuja, akaliokota debe, akamimina yaliyosalia kwenye sufuria, akachochea moto. Kisha akatoka nje, akarudi na matawi ya mkaratusi.

"Vua blauzi," akaniambia. "Kaa hapa, unipe mgongo."

Kitambaa cha kwanza kiliniunguza nikaruka. Akanishika kiuno, akanikalisha, akaendelea. Mikono yake ilikuwa migumu ya jembe, na haikuwa na haraka.

"Kwa nini leo, mama?" nikamuuliza.

"Tulisema tusikukumbushe."

"Kwani nilikuwa nimesahau?"

Mkwe hajibiwi hivyo kwetu. Nilingoja anigombeze, naye akachovya kitambaa tena, akakamua, akakiweka begani na kukandamiza kwa kiganja chote. Kitu fulani kikaachia shingoni, nikaanza kulia. Nililia vibaya, kwa sauti, makamasi yakinitiririka, na yeye hakuniambia ninyamaze. Akashuka mgongoni, akafika nyongani, akanizungusha na kunikanda tumbo vile anavyokandwa mzazi yeyote.

"Tumbo hili limezaa," akasema. "Lazima likandwe."

Bega halikupona jioni ile. Kesho yake niliamka nalo, nikaenda nalo kwenye matuta, na mwenyekiti akanisema tena. Lakini niliweza kuinua mkono hadi kidevuni, na jioni nilikuta sufuria iko motoni. Ikawa hivyo jioni kwa jioni, tukikaa karibu na mafiga, mimi nikiwa mgongo wazi na yeye akipumua kwa taabu juu yangu, maana naye alikuwa ametoka shamba hilo hilo.

Jioni mojawapo, nikiwa nimempa mgongo, akaniuliza mtoto alifanana na nani. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo, hata baba yake.

"Kwani hukumwona?" nikasema.

Mikono yake ikasimama.

"Nilikuwa huku jikoni," akasema. "Sikusikia kilio. Nikaogopa kuingia."

Nikageuka, nikakichukua kile kitambaa mikononi mwake. Nikamwambia kwamba mtoto alikuwa na nywele nyingi, na masikio madogo yaliyolala kama ya kwake, na kwamba vidole vyake vilikuwa virefu. Akajigusa sikio. Akaniomba nimweleze tena tangu mwanzo, taratibu.