Siku Niliyoililia Benki

Tulikuwa watatu, na nawataja wote ili asije mtu akasema nilikuwa peke yangu nikarukwa na akili: mimi Mwaija binti Salimo, mzaliwa wa Palma niliyeolewa Olumbi, wifi yangu Anchia, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu shamba la tatu, na mkamwana wangu Rehema, mke wa mwanangu Amade, mtu wa Diaca, mpole, mwenye macho mazima kuliko yetu sisi vikongwe (laiti tungemsikiliza). Wa nne ni yule tuliyemfuata, Zubeda binti Shomari, shoga yangu niliyechezwa naye unyago, ila yeye hakuwa na la kusema siku ile kwa sababu alikuwa amekufa. Aibu niliyoipata, mpaka leo nikiikumbuka najifunika uso kwa kanga, hata kama niko jikoni na paka tu.

Mimi na Zubeda tuliahidiana tungali wasichana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Si shangazi, si binti, si mwosha wa mtaa. Basi mwanawe Bakari alipopiga simu asubuhi akasema, "Mama Mwaija, mama ametutoka alfajiri, maziko baada ya adhuhuri, njoo nyumbani," simu ikakatika hapo hapo (mtandao wa kwetu mnaujua), mimi sikuuliza kitu. Nyumbani ni nyumbani. Nilijifunga kanga, nikawachukua wenzangu, tukapanda gari la jirani lililobeba muhogo, nikakaa juu ya magunia roho ikinidunda: wasije wakamwosha kabla sijafika.

Sasa mjue kwamba goti lilikuwa limenifunga Olumbi tangu kabla watu hawajaanza kusema gesi, gesi. Nilikuwa nasikia tu, gesi imeonekana baharini, wageni wamejaa, kule Afungi wamezungusha uzio, vijana wamepata kontrato za kazi. Nikasema sawa, gesi iko baharini, mji uko nchi kavu, vitakutana wapi?

Waliposhusha magunia sokoni nikashuka na mimi, nikasimama, nikashika kifua. Lahaula! Magari meupe yenye fimbo ndefu juu kama panzi, makontena ya chuma yamegeuzwa nyumba na watu wanaishi ndani na mapazia wametundika, mabango ya maneno nisiyoyajua, vijana wamevaa kofia ngumu za njano kama maboga, na watu, watu, watu, na hakuna hata mmoja aliyeniamkia.

Rehema akasema, "Mama, tuulize kwanza njia."

"Niulize? Mimi? Katikati ya Palma?" nikamjibu. "Mwanangu, mimi nikifumba macho naufikia mlango wa kila mtu hapa. Nifuateni."

Hilo ndilo kosa, na lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Kuuliza kungenigharimu nini? Ulimi tu. Lakini nikatangulia na goti langu, na kwa kuwa nilikuwa na hofu ya kuchelewa nikawa nasema njia nzima, mtu mwenye hofu husema sana. Nikamwambia Rehema, hapa penye hoteli palikuwa na duka la Mhindi Karimu, aliuza vitambaa na mafuta ya taa, mkewe Shirini alitupa vipande vya kuwashonea wanasesere wetu. Pale penye mashine ya kutolea hela palikuwa pa Mreno Lopi, mfupi, mwekundu, alinunua ufuta na nazi kavu zetu kwa mizani ambayo kila mtu alijua inasema uongo na kila mtu aliipelekea mzigo, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Uhuru ulipokuja Lopi akaondoka na ufunguo mfukoni, watu wakavunja kufuli, likawa loja ya povo, duka la wananchi. Hapo ndipo tulipopanga mawe. Ndiyo, mawe! Sukari ikisemwa inakuja, kila mtu anaweka jiwe lake kwenye foleni anarudi kupika, jiwe linamshikia nafasi, na ole wake atakayesogeza jiwe la mwenzie. Mimi nilijua jiwe la kila mtu: la Mariamu Faki lilikuwa na tundu, la Zubeda jeupe la matumbawe, alilibandua ukutani kwao. Kisha vita, duka likabaki la popo. Na mbele ya maduka hayo yote, nikasema, ndipo ilipo nyumba ya mzee Shomari, baba yake Zubeda, nyumba ya mawe yenye baraza refu, na mji mzima umekaa kwenye baraza lile, aliyenunua na aliyekosa, hata Lopi mwenyewe alikuwa anakaa hapo kunywa kahawa. Ukitaka moyo wa Palma ni pale.

"Na ile pale!" nikasema. Na kweli ilikuwa pale.

Naombeni mnihukumu kwa haki. Nyumba ni ile ile, ingawa imepakwa rangi. Nje limefungwa turubai. Chini ya turubai wanaume wameketi mikekani, kanzu na kofia, wameinamisha vichwa, na shekhe Abdala anasoma Fatiha. Viatu vimejaa kwenye ngazi. Nyuma unatoka moshi na harufu ya pilau. Sasa nyie watu wa pwani, mkiona hivyo mtasema nini, harusi?

Nikamwambia Anchia, "Wifi, kaza kanga. Tuanzie mlangoni, wajue watu wa Olumbi wamefika."

Kwetu mwanamke haingii msibani kwa hodi. Unaingia na kilio, hupeani mikono na mtu, unapita wanaume bila kuwatazama, moja kwa moja mpaka alipo marehemu. Tukaanza. "Zubeda weeee! Zubeda umeniacha na nani, binti Shomari weeee!" Anchia akapokea, na Anchia akilia hufumba macho, hapo hata ukimwagia maji hafumbui. Wanaume wakanyanyua vichwa. Shekhe akakatiza aya katikati (Mungu anisamehe). Mlangoni kulikuwa na mlinzi, kijana mgeni, akatuona wanawake watatu tuliojifunga kanga, akafikiri sisi ni kikundi cha ngoma walichokiita, akatufungulia mlango wa kioo akasema, "Ingieni mama, ingieni, mmechelewa!"

Mmechelewa! Neno hilo lilinichoma kama kaa la moto. Nikajua washaanza kumwosha. Nikaongeza kilio nikaingia mbio, goti na uzee vikasahaulika, na ndani kulikuwa na baridi kali (ilikuwa mashine ya baridi, mimi nikadhani ni baridi ya mauti), na katikati ya ukumbi, juu ya meza ndefu, amelala mtu mrefu kiasi cha Zubeda, amefunikwa shuka jeupe.

Nikamwangukia.

Jamani. Nilimkumbatia kwa mikono miwili, na mikono ikaenda. Ikazama. Nikasema moyoni, subhanallah, Zubeda kalainika hivi tangu alfajiri? Nikaivuta, ikatoka imejaa kitu cheupe na chekundu, chenye utelezi, nikapiga ukelele ambao haukuwa wa msiba tena, ulikuwa wa mtu aliyeona jini. Shuka likateleza. Chini yake hapakuwa na Zubeda wala maiti yoyote. Ilikuwa keki, keki ndefu ya kusherehekea kufunguliwa kwa benki, na mimi nilikuwa nimeingia ndani yake mpaka viwiko.

Anchia alikuwa bado amefumba macho na anaeleza wema wa marehemu. Ndipo nikatazama. Wanaume wa tai. Mzungu mwenye kamera mdomo wazi. Mkubwa mmoja wa serikali amesimama mbele ya utepe, mkasi mkononi, hakati wala haushushi. Dada mmoja wa benki, mrembo, viatu virefu, akamwita Mungu wake, "Meu Deus!" akakaa chini kwenye sakafu.

Rehema akanivuta kanga kwa nyuma. "Mama, hapa hakuna msiba."

"Naona," nikamwambia.

Basi mtu mmoja akapaza sauti kwamba hawa ni wale wa Afungi, wamekuja kulalamikia makaburi yao yaliyohamishwa kupisha gesi, na hapo walinzi wakatujia, mmoja akamshika Anchia mkono. Anchia akafumbua macho, akamwona mwanamume kamshika, akampiga kofi la mgongo wa mkono lililosikika mpaka kwenye mikeka. Rehema akaanza kulia kikweli. Mimi nikabaki nimenyoosha mikono mbele kama mtu anayesubiri kumiminiwa maji, krimu inadondoka kwenye vigae, tone, tone, na kitu pekee nilichokiwaza ni jua. Adhuhuri haikuwa mbali.

Ni shekhe Abdala aliyetuokoa. Alisoma chuo kimoja na mdogo wangu, akanitambua. Akaingia na kanzu yake ameikusanya. "Dada Mwaija! Una nini?"

"Abdala, yuko wapi Zubeda? Nimekuja kumwosha."

Akanitazama, na kicheko kilichokuwa kinamjia kikafa. "Dada, hukuambiwa? Nyumba hii kina Zubeda wameipangisha tangu mwaka wa juzi. Wanakaa kule juu, nyuma ya makontena. Sisi hapa tumeitwa kusoma dua ya kufungua benki tu, tukitoka tunakwenda kumzika."

Hilo lilinishtua kuliko keki. Kila tulipozungumza kwa simu nilimuuliza, uko wapi shoga, na yeye akajibu, niko barazani naangalia watu wanapita. Kumbe baraza gani, hakuniambia. Aliona haya kunieleza kuwa ametoka kwenye nyumba ya baba yake, na mimi sikuuliza.

Shekhe akamweleza yule mkubwa. Mkubwa akauliza tena, kama hakuamini, "Wamekuja kumlilia mtu?" Akaweka mkasi mezani. Simsahau kwa hilo. Akasema mama apelekwe sasa hivi, na tukapakiwa kwenye gari la benki lenye picha ubavuni, mikono yangu imefungwa taulo za karatasi, tukapandishwa mpaka juu kwenye kijumba cha mabati.

Hawakuwa wamemwosha. Bintiye Halima alikataa, akasimama mlangoni akawaambia wanawake wote kwamba mama alisema Mwaija, basi ni Mwaija. Lakini sauti! Nilifungua mdomo kulia, hakikutoka kitu, nilikuwa nimemaliza kilio chote kule chini. Nikaingia kimya kwenye msiba wa shoga yangu wa utotoni. Na simu zilikuwa zimefika kabla yangu, maana nilimsikia mama Tima, jirani yao, akimwambia mwenzie, "Mwangalie, hata chozi. Benki aliililia."

Nikanawa tena na tena kwa sabuni, nikamwosha. Nilimwosha taratibu, kichwa, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, machozi yakaja yenyewe bila sauti. Tulipofika kwenye kafuri Halima akanusa, akauliza, "Bi Mwaija, harufu hii ya vanila inatoka wapi?" na wanawake wote mle ndani wakaficha nyuso kwenye kanga, mabega yakawatetemeka, na Halima naye. Sikuwakemea. Zubeda angecheka kuwazidi wote.

Tangu siku ile nimeweka nadhiri: siingii mlango wowote, hata wa msiba, hata wa ndugu yangu, mpaka nimepiga hodi, nikauliza ni kwa nani, na nikajibiwa. Na nikipiga simu sasa nauliza mara mbili, uko wapi, na hapo ulipo ni wapi.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Kama kuna aliyekuwepo chini ya turubai lile na akaona nimemsahau, au nimempa mtu jina lisilo lake, au lile kofi la Anchia lilikuwa mawili, anisahihishe, sitakasirika. Umri umekwenda, na wa kumuuliza nimeshamzika.