Mume Wangu Anasifiwa kwa Pikipiki Niliyoitengeneza Mimi

Admin, jina langu libaki kwako tu. Naomba uipandishe mapema, maana Jumapili imekaribia na sina mwingine wa kumweleza.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nina mume na watoto wawili, tunaishi Goba. Nashona nguo nyumbani. Mume wangu anafanya kazi ya ofisini mjini, mtu wa shati jeupe na manukato, kucha zake safi kuliko zangu. Sisemi hivyo kwa kumsifia.

Baba yangu mzazi ana gereji ya pikipiki Manzese. Tumezaliwa wasichana watatu, hana mtoto wa kiume. Nilipokuwa natoka shule nilikuwa napitia pale, na nilipofika kidato cha pili nilikuwa naweza kufungua injini na kuifunga bila nati kubaki chini. Siku moja mteja alikuta nimeshika pikipiki yake, akalalamika. Baba hakunitetea. Aliniambia, "Mama, kazi hii itakuharibia mikono, kajifunze cherehani." Nikaenda.

Nilipoolewa, baba alimpa mkwe wake pikipiki yake ya ujanani, zile kubwa za zamani zenye silinda nne, ambazo zikipita mtaani vioo vya madirisha vinatetemeka. Ilikuwa haiwaki miaka mingi, na macho ya baba yalishafifia, vitu vidogo havioni tena. Alimpa yeye, si mimi.

Sasa sikilizeni mume wangu alivyoitengeneza. Alianza na koti. Koti la ngozi, ndugu zangu, na joto hili la Dar! Zikaja na glovu. Kila Jumamosi anaisukuma mpaka kibarazani, anafungulia muziki, anaita rafiki zake. Alipaka tangi rangi nyekundu juu ya mafuta bila hata kulisugua, rangi ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Akabandika stika ya fuvu la kichwa. Akashonesha kiti kwa mafundi wa makochi. Akakata ekzosi ili ingurume vizuri, na injini yenyewe haijawahi kuwaka. Bisibisi anaishika kama mtu anayeonja mchuzi. Miaka minane ya upuuzi huu! Nikimwambia, "Baba watoto, hebu fungua kabureta uangalie," ananijibu mbele ya wenzake, "Mke wangu, hizi ishu huziwezi, we tuletee chai." Wanacheka. Napeleka chai.

Mwezi uliopita nilichoka. Yeye alipokwenda kazini na watoto shule, nikajifunga kanga kuukuu nikakaa chini. Kabureta zote nne, zile zinazochanganya petroli na hewa, matundu yake yalikuwa yamezibwa na petroli ya zamani iliyogandia ndani. Nikayazibua moja moja kwa unyuzi wa waya wa umeme. Ikawaka, ikazima. Nilipoinyunyizia maji ile mipira inayounganisha kabureta na injini, mlio ukabadilika, nikajua imepasuka na inavuta hewa. Nikaagiza mingine nikafunga. Siku ya nne injini ikatulia, inanguruma taratibu, nikalia peke yangu pale kibarazani kwa furaha. Tangu nizae sijawahi kufurahi vile.

Jioni nikamwambia ajaribu. Ikawaka hapo hapo. Nikamweleza kila nilichofanya, hatua kwa hatua. Alivaa glovu zake akasema, "Mie ndo nilishaiweka sawa, we umemalizia tu." Kisha akajirekodi video yuko juu ya kiti na koti lake, akamtumia baba yangu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nywele zinanuka petroli. Nikamdharau siku ile kiasi ambacho sikujua kama mke anaweza kumdharau mume.

Wiki iliyopita baba alinipigia. Nikamwambia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya furaha. "Mama, Mungu amekupa mume. Pikipiki iliyonishinda mimi yeye kaifufua! Mie nimezeeka, gereji namwachia mkwe wangu." Jumapili anatuita Manzese. Mume wangu afungue zile kabureta na kuzifunga mbele ya mafundi wote, wamwone kwa macho yao, wamheshimu, ndipo akabidhiwe funguo.

Yule bwana wa glovu aliposikia, jasho lilimtoka. Jana alinifuata chumba cha kushonea akakaa sakafuni, mara ya kwanza namwona anakaa chini. "Mke wangu, nisitiri. We kaa karibu yangu kama mke anayemsaidia mumewe. Uwe unanipa spana, mie nitafunga utakachonipa. Gereji tukishaipata utafanya kazi nyuma, mie nitasimama mbele na wateja. Ila ukiniumbua kwa baba yako, sitorudi kwenye nyumba hii."

Nilitamani kumuuliza nyuma ni wapi. Niko huko tangu kidato cha pili.

Ukweli wangu ni huu: ile gereji naitaka. Naitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na naitaka kwa jina langu. Nikimwambia baba kabla ya Jumapili, najua atasema namsema mume vibaya au nina wivu, hataamini mpaka aone. Nikinyamaza na kumsaidia, nitakuwa fundi wa siri wa mtu asiyejua nati inafunguka kwa upande gani. Akishindwa mbele ya mafundi, baba ataaibika na mkwe wake, na wanangu huenda wakalala bila baba yao.

Nishaurini kwa moyo safi, wanaume mliomo humu nanyi msinionee haya. Jumapili nikikaa pale pembeni yake na akanyoosha mkono, nimpe spana anayoihitaji, au nimwekee zote mbele yake achague mwenyewe?